Nguzo ya Kushoto

Kaka yangu Ndahani alilipwa mshahara kwa kusukuma.
Mama hajaelewa mpaka leo.
"Unasukuma nini, mwanangu? Mkokoteni?"
"Watu, mama."
"Na wao?"
"Na wao wananisukuma mimi."
"Si mngepishana tu, kila mtu akaenda kwake?"

Alijifunzia hapahapa Bahi, mwaka ule mvua ilipoturuka,
ng'ombe wakilala jioni, asubuhi hawawezi kusimama,
mbavu unazihesabu kama nondo za dirisha.
Baba alishika mkia, mimi pembe.
Ndahani akapitisha bega chini ya paja la mnyama,
mgongo umenyooka kama benchi la kanisa,
akasukuma bila kutoa sauti.
Saba tuliwainua siku hiyo.
Wanne walilala tena kabla ya giza,
tukaazima kisu.

Shuleni mjini, mwalimu Lyimo alimkuta
ametoa peke yake pikapu ya mkuu wa shule kwenye tope.
Akampa mpira usio duara.
Tulicheka: huu nao umekaliwa na nani?

Nairobi miaka miwili. Kisha Ufaransa,
mji mdogo wenye zabibu kama Hombolo,
"ila mvua ya huku," aliniambia, "haina haya."
Jezi namba moja: nguzo ya kushoto.
Wanaokimbia hupigwa picha,
nguzo huonekana nyumba ikianguka.
Akanifundisha sheria kwa simu, usiku, bando likiisha:
mpira haurushwi mbele kwa mkono, Seche.
Ukitaka timu iende mbele,
mpe aliye nyuma yako.
Nikaelewa kwa nini kila tarehe thelathini
simu yangu ilikuwa ikilia.
Bati. Tenki la lita elfu tano. Ada yangu ya uuguzi.
Mbuzi wa mama, ambao aliwaita Wafaransa
kwa sababu walichagua majani.

Mara moja tu nilimwona akicheza.
Kibanda cha Chilewa kilikuwa na mechi ya Simba,
nikalipia viti vyote thelathini ili wabadilishe chaneli.
Aliingia dakika ya sitini na tisa.
Dakika kumi na moja, na nilichokiona ni mgongo,
mgongo na mvuke ukipanda juu yake
kama chungu cha mlenda kilichofunuliwa.
Kijana mmoja akauliza, "Yupi ni wenu?"
Nikasema, yule asiyeonekana.

Pingili mbili za shingo.
Miaka tisa, wakamwandikia barua ya ukurasa mmoja,
yenye neno "asante" mahali pawili.

Aliposhuka stesheni hakugeuza kichwa nilipomwita,
aligeuka mzima, miguu na begi,
kama mlango.
Sikio la kushoto limejikunja, zabibu kavu.
"Mbukwenyi," akasema, akacheka, akashika nguzo ya taa.
Majirani walisubiri gari lifuate.
Halikufuata gari.

Wiki iliyopita ng'ombe wa mzee Mlewa alilala kwenye jaruba,
matope mpaka kwapani, macho yamekwisha kukubali.
Ndahani akavua shati. Nikamwambia, mimi ni nesi,
vaa shati.
Tukatazamana pale, watoto wa mama mmoja.
Akavaa.

Nikaingia mimi.
"Si hapo. Chini zaidi.
Usisukume kwa hasira, hasira inakaa juu.
Chuchumaa. Shikana naye. Ngoja.
Ngoja, Seche."
Shavu langu kwenye ubavu wa ng'ombe, nikasikia moyo wake,
polepole, mkubwa,
na harufu ya mavi, na jasho langu machoni,
na sikuona kitu, sikuona mtu, wala mbingu,
nikafikiri: kumbe ndiyo hii,
dakika kumi na moja ndiyo hii.

"Sasa."

Alisimama, yule ng'ombe. Akayumba, akatembea
bila kugeuka nyuma.
Mama, kutoka kwenye tuta, mkono kiunoni:
"Na hiyo, wanalipa?"
Ndahani akageuka mzima kumtazama.